Kiti cha Pili

Ndege nyepesi ya viti viwili inayouzwa kwa vipande ni chombo cha anga ambacho kiwanda hukiuza kabla hakijawa chombo, hukipakia ndani ya makasha kikiwa bado mabomba, mbao na mikunjo ya kitambaa, na humwachia mnunuzi kazi ya kukifanya kiwe ndege kwa mikono yake mwenyewe, kwa zana zake mwenyewe na, kama itakavyobainika, kwa subira ya watu wengine wa nyumba yake ambao hawakutia saini hati yoyote ya mauzo. Mnunuzi huyo huitwa mjenzi, jina ambalo kwa kawaida hupewa mtu aliyekwisha kujenga kitu, lakini katika fani hii hutolewa siku malipo ya awali yanapopokelewa. Vitabu vingi vinavyohusu vyombo hivi huanza na bawa, kwa kuwa bawa ndilo linaloibeba ndege. Insha hii inaanza na kiti cha pili, kwa kuwa karibu kila sokomoko linalompata mjenzi, liwe la kisheria, la kihesabu au la kindoa, chanzo chake ni kile kiti alichokiweka kando ya chake kwa nia njema kabisa.

Sokomoko la kisheria ndilo jepesi kulithibitisha. Nchini Marekani, ambako ujenzi wa namna hii umeota mizizi, kanuni ya mwaka 1982 inayojulikana kama Sehemu ya 103 ilikieleza chombo chepesi chenye injini kuwa ni kile ambacho kikiwa kitupu uzito wake hauzidi kilo 115 hivi, kinachobeba petroli isiyozidi lita 19, kisichoweza kwenda kasi ya zaidi ya kilomita 102 kwa saa bila kuinamishwa, na ambacho, hapa ndipo penye kiini, hukaliwa na mtu mmoja tu. Mwenye chombo hicho hahitaji leseni ya urubani, hahitaji kukisajili, wala hahitaji cheti cha ustahiki wa kuruka, yaani hati ya serikali inayoshuhudia kwamba chombo kinafaa kwenda angani. Kwa lugha isiyo ya mahakamani, dola imekubali kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akitaka kujifunga kwenye mabomba na turubai na kujirusha peke yake mchana kweupe, mbali na makazi ya watu, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini akiongeza kiti cha pili, dola hukohoa, huvuta kiti cha tatu, hukaa, na kuomba karatasi. Tangu hapo chombo hicho huwa ndege kamili yenye namba ya usajili, mkaguzi na rubani mwenye leseni. Kwa miaka mingi kulikuwa na msamaha kwa vyombo vya viti viwili vilivyotumika kufundishia, msamaha ambao ulifikia kikomo mwanzoni mwa mwaka 2008, na haishangazi ikiwa katika miaka hiyo mashemeji na majirani wengi waligundua ndani ya nafsi zao kiu ya elimu ya urubani iliyodumu dakika ishirini.

Nchi za Ulaya zilikubali viti viwili bila kinyongo, ila zikaamua kutumia mizani. Kwa muda mrefu mpaka wa kawaida wa chombo chepesi cha viti viwili kinachotua nchi kavu ulikuwa kilo 450 kikiwa na watu na mafuta yake, na kilo 472.5 kikiwa na parashuti ya kuiokoa ndege nzima, ile inayofyatuliwa kwa roketi ndogo ili chombo chote kishuke polepole kikining'inia, pamoja na waliomo. Hiyo nusu kilo ya mwisho inastahili heshima yake. Sokoni nusu kilo ni sukari ya chai ya jioni na hakuna anayeigombania. Hapa ni tofauti kati ya abiria aliyevaa viatu na abiria aliyeombwa kwa adabu avivue.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu ni Kitfox, ndege iliyobuniwa na Dan Denney na kurushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, ikiuzwa kutoka Boise katika jimbo la Idaho. Kampuni inayoitengeneza imebadilika zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini ndege yenyewe bado inauzwa, siku hizi kutoka Homedale katika jimbo hilohilo. Kiunzi chake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa kiwandani. Bawa lake lina boriti za bomba la aluminiamu zilizopitishwa katikati ya mbavu za plaiwudi. Mwili wote huvikwa kitambaa cha poliesta. Viti vimepangwa ubavu kwa ubavu. Na katika umbo lake la asili kigurudumu cha tatu kiko chini ya mkia, si chini ya pua. Sifa iliyoipatia wapenzi wengi ni kwamba mabawa yake hukunjwa kuelekea nyuma na kulala sambamba na mwili, kama ya panzi aliyetua, hivyo kwamba ndege yaweza kuvutwa kwa trela na kuhifadhiwa katika gereji ya nyumbani badala ya kulipiwa kodi uwanjani. Muuzaji huitaja sifa hiyo kuwa ni faida. Mke wa mjenzi huielewa baadaye kuwa maana yake ni kwamba ndege haitaondoka nyumbani kamwe, na kwamba gari la familia, ambalo lilinunuliwa likiwa zima na ambalo kila asubuhi huwaka bila mjadala, litahamia nje kwenye theluji ya Idaho ili kitu kisichofanya kazi kipate kulala ndani.

Hulka hii ya kujijengea ndege nyumbani ina nasaba yake, ingawa si ya kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alichapisha kitabu kilichowashawishi watu wasio mafundi kwamba wangeweza kujijengea ndege aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani, nao wakajenga kwa wingi, hadi ilipodhihirika kwamba chawa huyo akiinamisha kichwa kupita kiasi hakubali kukiinua tena, na serikali za Ufaransa na Uingereza zikamzuia kuruka. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha mjini Milwaukee chama cha wajenzi kinachojulikana kwa herufi EAA, ambacho mkutano wake wa kila mwaka mjini Oshkosh, jimboni Wisconsin, huwakutanisha watu wanaojenga, waliojenga na wanaokusudia kumalizia. Chama hicho kina washauri wa kujitolea, wajenzi wazoefu ambao huja gerejini kukagua kazi kabla haijafunikwa na kitambaa, nao ni watu wa adabu ya pekee, kwa sababu huweza kuutazama mkia uliofungwa juu chini na kuuliza tu, kwa upole, kama mwenye nyumba amewahi kuufikiria upande wa pili.

Makasha yakishafika, jambo la kwanza mjenzi analoagizwa kufanya ni kuhesabu. Orodha ya vifaa hulinganishwa na kilichomo, mfuko kwa mfuko, ribiti kwa ribiti, na hesabu hiyo hufanyika juu ya meza ya chakula kwa sababu gereji bado haijasafishwa. Hapa pana somo dogo la lugha. Bolti za ndege za Kimarekani huandikwa kwa herufi AN zikifuatiwa na namba mbili: ya kwanza huonyesha unene kwa sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo AN3 ni bolti yenye unene wa sehemu tatu katika kumi na sita za inchi, na ya pili huonyesha urefu, ambapo tarakimu ya mwisho ni sehemu za nane za inchi na tarakimu iliyoitangulia ni inchi nzima, kwa sababu hiyo baada ya 7 haifuati 8 bali 10, nayo hiyo 10 si kumi ya chochote bali ni inchi moja kamili. Mjenzi mgeni huagiza 8, huambiwa hakuna kitu kama hicho duniani, na hudhani anadhihakiwa. Msomaji wa Kiswahili, ambaye saa ya ukutani humwonyesha saba naye akatangaza bila kusita kwamba ni saa moja, hana haki ya kucheka.

Akishazoea inchi, mjenzi hukutana na injini, ambayo katika ndege nyingi za namna hii ni Rotax, na Rotax hutengenezwa Austria, na Austria hupima kwa milimita. Ndege moja basi huwa na mataifa mawili ndani yake, mwili wa inchi na moyo wa milimita, na mjenzi hulazimika kumiliki seti mbili za spana ambazo, baada ya wiki ya kwanza, huishi katika sanduku moja bila mpangilio wowote, kisha spana namba kumi hupotea. Kuhusu upotevu wa spana namba kumi, gereji ya Idaho na gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, hazina tofauti yoyote ya kinadharia.

Bolti nayo hupotea, na huu ndio msiba wa kila siku unaostahili maelezo marefu kuliko ule wa nadra wa angani. Mwandishi wa insha hii, ambaye ujuzi wake wa kuunganisha vipande ulianzia na kukomea kwenye kabati moja la nguo lililobakisha skrubu nne na mlango unaojifungua wenyewe usiku wa manane, anaelewa mvuto wa kusema kwamba kilichobaki kilikuwa cha ziada. Kabati huvumilia kauli hiyo kwa kuwa halitarajiwi kupanda juu mita mia tatu. Ndege haivumilii. Orodha ikisema bolti sita na mfuko ukatoa tano, mjenzi hupiga magoti, huwasha tochi, huvuta jokofu, huinua zulia, humchunguza paka, na saa nane za usiku huiona bolti ya sita ndani ya pindo la suruali aliyoivaa tangu jioni. Kitu ambacho hakukiona ni mkewe, aliyesimama mlangoni kwa muda wote huo akiwa na kikombe cha maji, akishuhudia, na akiweka akilini. Huyo ndiye aliyekusudiwa kukalia kiti cha pili. Shirika la ndege humwonyesha abiria wake mlango, kiti na karanga. Mjenzi humwonyesha abiria wake kila kosa lililofanyika tangu tundu la kwanza, kwa mpangilio wa tarehe.

Ushahidi huo huandikwa pia. Sheria ya Marekani inataka sehemu kubwa ya kazi, ambayo wajenzi huifasiri kwa hesabu kuwa asilimia 51, ifanywe na watu waliouanza ujenzi kwa ajili ya elimu yao au burudani yao tu, na si kwa biashara. Ni sheria ya aina yake, kwa kuwa katika mambo mengi dola hudai kazi ya hatari ifanywe na fundi, ilhali hapa inadai fundi akae kando na asiye fundi aendelee. Ili kuthibitisha kwamba kweli hakuna fundi aliyemsaidia kupita kiasi, mjenzi hutunza daftari na picha: mjenzi ameshika drili, mjenzi ameinama juu ya ubavu wa bawa, mjenzi anatabasamu kando ya usukani wa mkia. Picha ya mjenzi akiwa amelala kifudifudi mbele ya jokofu haimo, japokuwa ipo, kwa kuwa mpiga picha ni yule yule wa mlangoni. Wapo waliojiuliza iwapo maneno elimu na burudani yanaweza kutimia kwa pamoja. Yanaweza: siku tundu linapotobolewa mahali pasipo pake, mjenzi hupata elimu na jirani hupata burudani.

Baada ya kiunzi huja kitambaa, na pamoja na kitambaa huja pasi, ambayo ni kifaa pekee katika uhandisi wote wa anga kinachotolewa moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia. Kitambaa cha poliesta hubandikwa kwa gundi kwenye kingo za kiunzi kikiwa kimelegea kama shuka, kisha hupigwa pasi ya kawaida ya nyumbani, kwa sababu poliesta ya aina hiyo husinyaa ikipata joto, na kusinyaa huko ndiko kunakoikaza mpaka ilie kama ngoma. Joto lenyewe si la kubahatisha. Katika mfumo wa Poly-Fiber, ambao unatumika sana, mkazo wa kwanza hutolewa kwa nyuzi 121 za Selsiasi na wa mwisho kwa nyuzi 177. Chini ya hapo kitambaa hubaki na mikunjo, na juu sana ya hapo hulegea kisirudi tena, kama mtu aliyekatishwa tamaa. Pasi ya nyumbani, hata hivyo, haijui nyuzi za Selsiasi. Inajua hariri, sufu na pamba, na baina ya vituo hivyo hupanda na kushuka ipendavyo, kwa hiyo mjenzi hulazimika kuipima kwa kipimajoto na kuandika alama zake mwenyewe kwa kalamu kwenye kitasa chake.

Mambo matatu hufuata, yote ya kawaida. Kwanza, pasi hurudi chumba cha kufulia ikiwa na ukoko wa gundi usioonekana kwa macho ila unaoonekana vizuri sana kwenye blauzi nyeupe. Pili, hununuliwa pasi mpya, na huzuka swali la ni nani mwenye haki ya pasi mpya, yule anayenyoosha nguo au yule ambaye maisha yake yataning'inia kwenye kitambaa alichokinyoosha, na swali hili halijawahi kupata jibu ambalo pande zote mbili zimelikubali. Tatu, mwanamume ambaye kwa miaka kumi na tano ya ndoa hakuwahi kunyoosha hata kola ya shati huonekana sasa, usiku baada ya usiku, akinyoosha bawa la mita nne kwa upole, kwa umakini na kwa kurudia pale pasipomridhisha, jambo ambalo upande wa pili wa ndoa hulitazama kwa hisia zisizoandikika kwenye daftari la ujenzi. Kama hilo halitoshi, dawa ya kwanza inayopakwa juu ya kitambaa katika mfumo huo ina rangi ya waridi. Juu yake huja rangi ya fedha, inayozuia miale ya jua isiule uzi, na mwisho rangi ya nje aliyoichagua mwenyewe. Lakini kati ya waridi na fedha pana siku kadhaa ambazo kila mgeni anayefika nyumbani hupelekwa gerejini na watoto.

Kazi yote hii hukawia sana, na sababu yake si fumbo kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kupita mbele ya nyumba ya kudunduliza, ile yenye wapangaji chini na nondo zilizochomoza juu ya paa zikisubiri ghorofa, huku mwenyewe akisema kwa sauti tulivu kwamba wanamalizia. Wajenzi wa ndege wana mzaha wao kwamba ndege ikikamilika kwa asilimia tisini huwa imebakiza asilimia tisini nyingine. Mwili, mabawa na mkia, vitu vinavyoonekana, hukua haraka na kumpa mjenzi sifa mtaani. Nyaya za umeme, mirija ya petroli, breki, kioo cha mbele na vifuniko vya injini, vitu visivyoonekana, humeza majira ya baridi mawili. Kioo, ambacho kwa hakika ni plastiki ngumu, kina tabia ya kutulia wakati matundu kumi na tisa yakitobolewa na kupasuka kwenye la ishirini. Kingine hununuliwa.

Injini, kinyume na yote hayo, hufika ikiwa imekamilika, na kama ni Rotax 582 huwa ni ya silinda mbili, ya mapigo mawili, yaani ile ambayo kila pistoni ikishuka hutoa nguvu na ambayo petroli yake huchanganywa na oili kwa kipimo cha sehemu moja kwa hamsini, kama pikipiki za zamani. Nguvu yake ni takriban farasi 65. Kitabu chake cha mwongozo kina maneno ambayo wasomaji wengi wa vitabu vya mwongozo hawajayazoea, kwa kuwa kinamweleza mnunuzi waziwazi kwamba injini hiyo, kwa jinsi ilivyoundwa, inaweza kusimama ghafla, na kwamba asiende nayo mahali, kimo au mwendo ambao hauwezi kumruhusu kutua salama bila injini. Ni nadra kwa muuzaji kusema kweli kiasi hicho. Muuzaji wa kabati hakusema. Mjenzi huisoma aya hiyo, huikubali kama hali ya dunia, na hukifunga kitabu. Kosa lake ni kukiacha juu ya meza ya chakula. Injini ya mapigo manne, Rotax 912, yenye nguvu ya farasi 80 au 100 kutegemea toleo, husifiwa kwa utulivu mkubwa zaidi, na asubuhi inayofuata mjenzi hushangaa kuona mkewe, ambaye tangu mwanzo alilalamikia gharama, akiuliza kwa shauku bei ya injini ya ghali zaidi.

Sokomoko la kihesabu lilitajwa mwanzoni, na wakati wake umefika. Ndege iliyokamilika huwekwa juu ya mizani, mzani mmoja chini ya kila gurudumu, ili kupata uzito wake mtupu na mahali kilipo kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ndege nzima ingelala sawa kama ingening'inizwa kwa kamba moja. Viti vilivyopangwa ubavu kwa ubavu viko karibu na nukta hiyo, kwa hiyo abiria haivurugi sana mizani ya mbele na nyuma. Anachovuruga ni jumla. Ichukuliwe, kwa hesabu tu, ndege ya Ulaya yenye ukomo wa kilo 450 ambayo ikiwa tupu ina kilo 270: zinabaki 180. Rubani mwenye kilo 85 na rafiki mwenye kilo 85 huchukua 170, na kilo kumi zinazosalia ni petroli isiyofika hata lita 14, kiasi ambacho injini ya mapigo mawili hukimaliza kabla ya saa moja kutimia. Urafiki na umbali, katika ndege hii, hupimwa kwa ratili ileile: anayetaka kwenda mbali aende na mwembamba, na anayetaka kwenda na rafiki yake wa siku zote azunguke uwanja na kurudi.

Tatizo ni kuupata uzito wa kweli. Katika jamii ambazo kumwambia mtu amenenepa ni salamu njema, suala hili lingeisha katika dakika ya kwanza, na pengine mhusika angejiongezea kilo mbili kwa fahari. Idaho si jamii hiyo. Shemeji ambaye amekuwa na kilo 80 kwa maneno tangu harusi yake hufika uwanjani akiwa na kilo 80 zilezile, koti la baridi, buti, na mfuko wa vitafunio ambao kwa maelezo yake hauna uzito wowote. Mjenzi, ambaye kwa hesabu za usiku amejua tofauti ya bolti mbili, hulazimika kuchagua kati ya fizikia na ukoo. Wenye busara huleta mizani ya bafuni uwanjani na kuanza kujipima wao wenyewe, mbele ya wote, kwa sauti.

Yote haya hutokea kabla ndege haijaondoka ardhini, na ardhi nayo ina la kusema. Ndege yenye gurudumu la mkiani huwa na kitovu cha uzito nyuma ya magurudumu makuu, hivyo kwamba ikipinda kidogo wakati wa kukimbia kwenye njia ya kurukia mkia hutaka kutangulia kichwa, na rubani asiyeiwahi kwa miguu yake hujikuta amezunguka akitazama alikotoka, bila madhara mara nyingi ila mbele ya watazamaji mara zote. Hili halijali ni nani aliyejenga. Linawapata hata wale ambao kitambaa chao kimenyooka kuliko mashati ya maharusi.

Baada ya mkaguzi kuridhika, ndege hupewa cheti cha aina ya majaribio, na masharti yake yanakirudia kiti cha pili kwa ukali usiofichika. Karibu na mlango sharti liandikwe, kwa herufi zenye kimo cha kati ya sentimita 5 na 15, neno lenye maana kwamba chombo hiki ni cha majaribio. Na ndani, mahali ambapo abiria hawezi kukwepa kupaona, sharti kibandikwe kibandiko kinachomtahadharisha kwamba ndege hii imejengwa na mtu asiye wa kiwandani na haitimizi kanuni za usalama za serikali zinazohusu ndege za kawaida. Mjenzi hukibandika kibandiko hicho kwa mkono wake mwenyewe, akikinyoosha kwa dole gumba ili kisibaki na kiputo cha hewa, kwa uangalifu uleule alioutumia kwenye bawa. Mkewe hukisoma mara mbili, humuuliza kama na bolti ile imeandikwa mahali, na huenda kukaa kwenye gari.

Hata hivyo hakuna anayemtaka aingie, si kwa sasa, kwa kuwa sheria inaagiza ndege mpya ipitie kwanza muda wa kujaribiwa, ambao kwa injini isiyo na idhini ya serikali umezoeleka kuwa saa 40 za kuruka katika eneo lililotengwa, bila abiria, isipokuwa pale inaporuhusiwa kwa utaratibu maalumu rubani wa ziada mwenye sifa. Katika saa hizo ndege sharti ijaribiwe pia ikiwa na uzito wake wote, na kwa kuwa mtu hawezi kubebwa, nafasi yake huchukuliwa na mifuko ya mchanga inayopimwa, kupangwa kitini na kufungwa mkanda ili isimwangukie rubani. Abiria wa kwanza wa kiti cha pili, baada ya majira yote yale ya baridi na pasi mbili, huwa ni kilo 80 za mchanga, ambazo hazikusoma kibandiko, hazikukiona kitabu cha injini, na zilipopandishwa kwenye mizani zilikuwa kilo 80 kweli.